Nyeupe Ni ya Bureau

Nilikosea. Kwa ndoa ya rafiki yetu Malachie, kule Kirumba, nilisimama na glasi mukononi, nikaambia batu kama Kasonia alipoteza camion yake juu hakujua kucheza échecs, ule muchezo ya mufalme na farasi. Batu balicheka muzuri. Berthe, muke ya Kasonia, hakucheka. Alisimama na sahani yake ya viazi, akasema: "Bwana yangu alijua. Alijua kukupita wewe, na kumupita chef mwenyewe. Ikala chini, utasema muzuri siku ingine." Niliikala chini. Donc naanza tena, na hii mara nasema vile ilipita.

Ilikuwa lundi asubuhi, siku ya kwanza ya kazi, Beni, mwaka wa sitini na tano. Chef Kalala Urbain alifungua dirisha ya bureau yake, akaua inzi mbili na gazeti ya zamani, akatosha meza na kuiweka kwa barza. Bureau ile iliitwa Bureau ya Bitu Bilivyookotwa. Basimba, bale baasi, balikuja, bakaenda. Basoda ba serikali balikuja nyuma yao, bakabaki. Kila kundi ikipita, bitu ya batu ilikuwa inabadilisha fasi: baiskeli, mashini ya kushona, mbuzi, na kengele ya masomo moja. Chef Kalala alitumwa kutoka Kasaï kuja kuchunga bitu bile mpaka benyewe bapatikane. Benyewe balikuwa banapatikana kila asubuhi, banasimama mustari mbele ya barza. Mais kuwatambua haikuwa kazi ya bureau ile. Ilikuwa kazi ya bureau ingine, na ile ingine ilikuwa bado kufunguliwa.

Kati ya benyewe, kulikuwa Kasonia. Alikuwa mutu wa Butembo, muchuuzi wa maharagi na viazi, na camion yake ya kijani ilijua barabara ya Kirumba kupita yeye. Wakati Basimba balikaribia, aliificha katikati ya mieukalipto nyuma ya nyumba, akaifunika na majani ya migomba, na akakuwa analala ndani yake. Basimba hawakuiona. Basoda ba serikali njo baliiokota.

"Chef, camion yangu haikupotea," Kasonia alisema. "Mimi nilikuwa ndani."

"Najua, papa. Basoda baliniambia: camion moja ya kijani, mutu moja ndani, analala. Mutu tulimurudisha."

"Ule mutu njo mimi."

"Basi unaona? Bureau inarudishaka bitu."

Chef Kalala hakuwa mutu mubaya. Alikuwa paka na kiu moja tu. Kule Kasaï alijifunza échecs kwa bafrères ba misioni, na Beni hakupata mutu wa kucheza naye. Sergent Ésaïe, mwenye alikuwa anachunga mulango ya bureau, alipenda damier, ule muchezo ya vifuniko vya chupa, na tena alikuwa anaiba vifuniko. Donc siku ile Kalala alifungua kisanduku yake ya mbao, akaonyesha Kasonia bale batu badogo ndani.

"Tucheze, papa. Ukinishinda, camion yako. Même kama tunatoka sawa, hakuna mushindi, camion yako. Mimi ni mukristu."

"Nani anaanzaka?"

"Mwenye nyeupe njo anaanza."

"Na nyeupe ni ya nani?"

"Ya bureau."

Kasonia akafikiri kidogo. "Chef, na hii indépendance yote, bado nyeupe njo inaanza?"

"Ile ni sheria ya muchezo, papa. Haiko ya politique."

"Likambo te, hakuna shida," Sergent Ésaïe akasema, na yeye hakuulizwa.

Kasonia alijifunza haraka. Hapa Berthe anataka niseme wazi: kisha majuma kidogo alikuwa anaona mbali kupita chef. Mais alichagua njia ya Kirumba. Kule sokoni Kirumba, ukibadilisha maharagi na chumvi ya mutu mwenye haujui tumbo yake, munamwaga pamoja. Yeye bakuli, wewe bakuli. Akigonga bakuli yake ili chumvi ishuke, na wewe unagonga ya kwako. Hakuna mwenye aliibiwa vile tangu soko ile inaanza. Kasonia akaona échecs ni ile ile. Chef akifanya hivi, na mimi hivi, tutatoka sawa, nitarudi nyumbani na camion. Kosa yake ilikuwa ndogo sana. Kirumba banamwagaka pamoja. Kwa meza ya Kalala, mumoja alikuwa anamwaga mbele.

Balikuwa banacheza mara moja tu kila lundi: chef anasogeza kitu kimoja, Kasonia kimoja, basi mpaka lundi ya kufuata. Chef alisema mutu wa serikali akicheza mara mbili kwa siku moja, batu watafikiri hana kazi. Na Kalala hakupitia katikati ya meza. Alisukuma pion ya pembeni kidogo, sawa mugeni mwenye anaingiaka nyumba kwa mulango ya jikoni. Kasonia akasukuma ya kwake, ile ile. Lundi ya kufuata, Kalala akaruka na farasi. Kasonia akaruka na farasi. Kalala akafungua kona, akaweka pale fou yake, ikuwe inachungulia meza yote kwa pembe. Kasonia naye akaweka. Sergent Ésaïe alikuja kuangalia, akasema ile meza inafanana na mutu anajinyoa mbele ya kioo.

Ni pale njo Kalala alipiga chafya. Kasonia akapiga chafya. Kalala akajikuna sikio ya kuume, Kasonia akajikuna ya kushoto. Échecs inaombaka kimya.

Jioni Kasonia akarudi Butembo kwa camion ya wengine, na ile jambo ikarudi naye. Mbele ya juma kuisha, moustache ilimuota.

"Ile ni nini kwa mudomo yako?" Berthe akauliza.

"Moustache."

"Ya nani?"

"Ya chef."

"Na hautanyoa?"

"Yeye hajanyoa."

Berthe akamusogezea sahani. Mais Kasonia alikuwa ameshashiba, na alikuwa anatoa harufu ya matamba, yale majani ya muhogo, na mawese. Siku ile Berthe alikuwa amepika maharagi. Akaweka kijiko chini.

"Nani alikupikia?"

"Mama Yolande, muke ya chef. Mais si mimi nilikula. Ni chef."

"Iko na chumvi?"

"Chumvi imepita kidogo."

Berthe akakamata tena kijiko yake, roho ikatulia.

Dimanche, Kalala alitaka kwenda kuangalia ndege Mavivi, kwa uwanja ya ndege ya Beni. Alikamata camion ya Kasonia. Alisema camion yenye iliokotwa inapashwa kutembezwa, juu isiharibike. Saa ile ile Kasonia alikuwa nyumbani Butembo, ameikala kwa kiti kidogo, anangojea chai. Akatoka vile alivyoikala. Kiti ilibaki. Alipita kwa mulango, akapanda mpaka urefu wa cabine ya camion, mikono yote mbili mbele, magoti imekunjwa, akashika barabara ya Rughenda. Pa muteremuko alibadilisha vitesse. Pa kona batu balisikia klaxon, bakakaa pembeni.

"Papa Kasonia! Unaenda Rughenda?"

"Naona vile."

"Tubebee machou yetu, basi!"

Bamama batatu balitupa mifuko ya machou, kabichi nzito, nyuma yake. Machou ikaanguka barabarani, ikabingirika mpaka mutaroni.

"Camion gani hii yenye haina karosri?" bakalalamika.

"Karosri iko Beni," Kasonia akajibu, na akaendelea, juu hakuwa na frein yake mwenyewe.

Padri alitoka misa, akamuona anapita. Alimuomba apunguze mwendo mbele ya batoto ba katekisimu. Kasonia akasema atafikisha neno kwa chef. Kule Rughenda alisimama mbele ya uwanja ya ndege ya Butembo, na hakukuwa ndege hata moja. Aliangalia mbingu yenye iko bure, wakati wote Kalala alikuwa anaangalia ndege Mavivi. Kisha akafanya marche arrière, nyuma nyuma, akarudi nyumbani. Chai ilikuwa imepoa.

Tangu pale njo ilikuwa vile kila dimanche. Batu ba Butembo balizoea. Hata imbwa zilijua kona yenye anapitiaka.

Kwa Berthe, shida haikuwa dimanche. Shida ilikuwa siku zingine. Kalala alikuwa mutu wa bureau: asubuhi yote anaikala, mikono juu ya tumbo, anaambia batu barudi kesho. Kasonia, kule Butembo, naye alikuwa anaikala, mikono juu ya tumbo. Majirani bakipita kumusalimia, mukono yake ilikuwa inabafukuza polepole. Na shamba ya maharagi, kule juu ya kilima, ilikuwa inajaa majani. Bila camion, shamba ile njo ilikuwa imebaki kwa kula.

Berthe akafunga kitambaa, akaenda Beni. Hakupita kwa barza. Alizunguka mpaka jikoni ya chef, akakuta Mama Yolande anatwanga matamba. Akaikala, akasaidia kutwanga, kisha akasema:

"Mama, bwana yako anaweza kulima kidogo?"

"Urbain? Mama, ule hajashika jembe tangu mama yake anamuzaa."

"Ni kwa shamba yangu. Ile ya Butembo."

Yolande akapumzisha mutwangio. Alikuwa mwanamuke wa mbali, bila dada bila mukwe pale Beni, na hakuna mutu alimutembelea kwa jikoni tangu afike. Akafikiri.

"Nitamuambia matamba imeisha sokoni," akasema. "Mutu mwenye anataka kula matamba, apande yake."

Kesho yake, mbele ya bureau kufunguliwa, Chef Kalala alikuwa nyuma ya nyumba yake na jembe, anatukana udongo mu Tshiluba, luga ya kwao. Kule Butembo, Kasonia aliamuka, akapanda kilima, akalima. Shamba ile ililimwa vibaya, sawa vile mutu wa bureau analimaka, na mistari yote ilikuwa inaenda kwa kivuli. Mais ililimwa. Maharagi ikaota. Berthe akatumia Yolande kitunga moja ya yale maharagi, na Yolande akamutumia matamba yenye chumvi kidogo.

Siku ya kumupelekea kitunga, Berthe alijaribu neno lingine.

"Na camion, mama? Hauwezi kumuambia?"

Yolande akaangalia moto. "Ile ni ya bureau, mama. Amri yangu inaishiaka pa mulango ya jikoni."

Balijaribu pia kwa upande ingine, kuona kama chef naye atamufuata Kasonia. Lundi moja Kasonia, mbele ya chef, alijifinya paja kwa nguvu mpaka machozi ikatoka. Kalala akaendelea kunywa kahawa yake, muzuri sana. Kasonia akarudi kumuambia Berthe.

"Ni ya kwenda tu," Berthe akasema. "Haiko ya kurudi."

Donc ikafika lundi yenye nilisemaka vibaya kule Kirumba.

Berthe alikuja pamoja na bwana yake siku ile. Yolande alitoka jikoni, akasimama kwa mulango, chungu mukononi. Mezani, reine ya Kalala, malkia yake, ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ya mufalme wa Kasonia, na reine ya Kasonia mbele ya nyumba ya mufalme wa Kalala. Kila mufalme alikuwa na farasi moja tu yenye kuchunga mulango yake. Kalala akaangalia, akavuta moustache. Kasonia akavuta moustache. Kisha Kalala akatosha farasi yake kwa mulango, akairusha mbele, juu isaidie reine.

Kasonia akaona yote mara moja. Akamuambia Berthe kwa Kinande, polepole, macho mezani: farasi yetu ikibaki kwa mulango, chef hana kitu. Nitarudisha reine nyuma, tutafungana, tutatoka sawa. Camion iko yetu. Ni paka farasi isitoke.

"Basi usiiguse," Berthe akasema.

"Mimi siigusi. Ni mukono."

Mukono ya Kasonia ilikuwa imeshaanza kutoka juu ya tumbo. Berthe akairukia, akaishika na mikono yote mbili, akasimamisha miguu kwa nguzo ya barza. Mukono ikaendelea. "Sergent!" akalia. "Utaangalia tu?" Sergent Ésaïe akategemesha bunduki ukutani, akakamata Berthe kiunoni, akavuta.

"Sergent," Kalala akasema, "wewe uko upande ya nani?"

"Upande ya mukono, chef. Mais ile ya mama."

Yolande naye akaweka chungu chini, akashika sergent kwa mukaba. Mukono ikabavuta bote, batu batatu, sawa mutu anavuta kiti karibu ya meza. Kitambaa ya Berthe ilianguka ndani ya kahawa ya chef. Bidole bya Kasonia bikakamata farasi, bikaiondoa kwa mulango, bikairusha mbele, pale pale pa kufanana na ile ya Kalala. Ilikuwa imewekwa muzuri, katikati ya carré, kale kachumba yake.

Kisha Kalala, mwenye hakuwa mutu wa haraka, na mwenye tangu mwanzo hakuchezaka mara mbili kwa siku moja, akacheza mara ya pili. Akapitisha reine yake kwa mulango yenye ilibaki bila muchungaji.

"Échec et mat," akasema.

Mukono ya Kasonia ikakamata reine yake, ikaipandisha, juu naye apite kwa mulango ya chef. Hiyo mulango ilikuwa wazi vile vile. Mais sheria inasema, kisha mat, hakuna tena kucheza. Reine ikabaki hewani, juu ya meza, mpaka Kalala alishusha mukono yake mwenyewe kwa kikombe, akatosha kitambaa ya Berthe, akaikamua muzuri, akamurudishia.

"Pardon, mama," akasema. Alikuwa na heshima.

Akasimama, akanyoosha mukono. Kasonia akasimama, akanyoosha mukono. Kalala akacheka ile kicheko ya mutu mwenye ameshinda, na Kasonia akacheka vile vile, meno yote nje. Na juu Kalala alibaki na furaha juma muzima, Kasonia alifika Butembo na ile kicheko, akatembea nayo barabarani, akaingia nayo kanisani. Batu balimuona, bakasema: ameshinda bureau! Bamama balipiga vigelegele. Wale benye machou balimuomba mara moja abebe yao kwenda Beni. Familia moja ilileta kuku. Kasonia alisema hapana, nilipoteza, mais mutu mwenye anacheka vile, nani atamuamini? Berthe akapika kuku ile. Njo yeye alilia juu ya bote wawili, kwa jikoni, juu uso yake ilikuwa ingali yake.

Miaka ilipita kidogo. Bureau ile ingine, ya kutambua benyewe, haijafunguliwa bado. Banasema batatuma mutu. Baiskeli zilipata kutu. Mbuzi zilizaa, na batoto ba mbuzi nabo bakahesabiwa kati ya bitu bilivyookotwa. Camion ya kijani inaendaka Mavivi kila dimanche, na pneu zake ni muzuri, juu chef anaichunga. Kule Butembo, batoto wanafungua barabara ya Rughenda wakisikia klaxon, na Kasonia anapita juu yao, anabasalimia kwa macho, juu mikono ina kazi. Msimu ukifika, Yolande anasemaka matamba imeisha, na shamba ya Berthe inalimwa. Bale mama bawili banatembeleana. Chumvi imekuwa sawa.

Kila lundi Kasonia anapanda camion ya wengine, anafika Beni, anaikala kwa barza mbele ya meza ile, juu bacheze tena. Mukono haiko yake, mguu haiko yake, moustache haijakuwaka yake. Sauti njo ilibaki.

Lundi hii pia alifika mapema. Chef Kalala alikuwa anapanga bale badogo beupe upande yake, mumoja mumoja, na kila mara alikuwa anapuliza vumbi. Mikono ya Kasonia ilikuwa inapanga beusi, inapuliza vumbi. Sergent Ésaïe alikuwa anaangalia barabara. Ndani, Yolande alikuwa anatwanga, kisha akaacha kutwanga, juu asikie.

"Chef," Kasonia akasema. "Leo mimi nianze. Mara moja tu."

Kalala akaweka pion ya mwisho, akainyoosha.

"Sisemi nishinde, chef. Sisemi hata camion. Ninaomba paka nianze."